Meli 400 nje ya Lagos: kisa cha saruji ya mwaka 1975

Mwezi wa Julai 1975 bahari ya Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, ilijaa meli. Zilizidi 400, zimetia nanga nje ya mlango wa bandari zikingoja zamu ya kuingia gatini, na 260 kati yake zilibeba shehena ya aina moja tu: saruji, au simiti kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya. Zilizobaki zilikuwa na mizigo mingine yote ambayo nchi kubwa huihitaji kila siku. Zote zilikaa foleni moja. Wiki zikapita, kisha miezi, na meli nyingine za saruji zikazidi kujitokeza baharini, kwa kuwa zilikuwa zimeshapakiwa na kuondoka huko zilikotoka, wala hakuna aliyeziambia zirudi.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kituko cha serikali iliyolewa fedha za mafuta. Nimekisoma kwa muda mrefu, na kila nikikirudia naona usimulizi huo unatunyima jambo la maana. Walioagiza saruji ile walikuwa na hesabu yao, na hesabu yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Iliharibiwa na mkataba walioutia saini kwa mikono yao wenyewe. Hapo ndipo ninapotaka tupachunguze, lakini kwanza tuutazame mji wenyewe, kwa sababu Lagos ina historia ndefu ya kubanwa mlangoni.

Mji ulio nyuma ya fungu

Wayoruba wanauita Eko. Jina la Lagos walilileta Wareno, kwa neno la kwao lenye maana ya maziwa, kutokana na lile ziwa refu la maji ya chumvichumvi linalojificha nyuma ya ukanda wa mchanga wa pwani. Ziwa hilo linafunguka baharini penye mlango mwembamba, na mbele ya mlango huo mawimbi ya Atlantiki yalijenga fungu la mchanga. Mtumbwi ulipita na chombo kidogo kilipita kwa tahadhari, lakini meli kubwa ilibaki nje.

Fungu hilo lilikuwa ngome na kizuizi kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 19 Lagos ilikuwa imegeuka kituo kikubwa cha biashara ya watumwa katika pwani ile. Desemba 1851 Waingereza waliushambulia mji kwa mizinga, wakamwondoa Oba, yaani mfalme, Kosoko na kumrudisha Akitoye kwenye kiti; Agosti 1861 wakamlazimisha mwanawe, Dosunmu, kuukabidhi mji kwa Malkia wa Uingereza. Wakawa wameupata mji, lakini fungu lilibaki pale pale. Kwa miongo kadhaa shehena ya Lagos ilipelekwa kwanza Forcados, kwenye delta ya mto Niger, ikahamishiwa kwenye meli ndogo ndipo irudishwe Lagos. Abiria walishushwa na winchi wakiwa wameketi kwenye kiti cha mbao kinachoning'inia, kutoka sitaha ya meli hadi kwenye mashua inayorushwa na mawimbi. Mizigo nayo ilipata misukosuko hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 zilijengwa kuta za mawe kuingia baharini ili kuzuia mchanga, na mlango ukachimbwa. Ilipofika 1914 meli za masafa marefu ziliweza kuingia ndani. Miaka ya 1920 yakajengwa magati manne upande wa bara, Apapa, na miaka ya 1950 yakaongezwa sita. Reli kutoka Lagos ilikuwa imeshafika Ibadan mwaka 1901 na Kano mwaka 1912. Kwa hiyo kakao ya magharibi na karanga za kaskazini zilikuwa na njia ya kutokea, na bandari ilikua kwa mwendo wa mazao hayo.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1967 hadi 1970. Port Harcourt, bandari ya pili ya nchi, ilikuwa upande wa Biafra, eneo la mashariki lililotaka kujitenga, na ikafungiwa. Mzigo wa nchi ukaiangukia Lagos. Vita vilipokwisha, mazoea hayo hayakwisha. Nigeria iliingia katika miaka ya mafuta ikitegemea mlango mmoja ambao binadamu aliupanua kwa jasho jingi, lakini kwa kiasi cha uchumi wa kakao.

Hesabu ya walioagiza

Bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974. Serikali ya Jenerali Yakubu Gowon ikajikuta na fedha ambazo mwaka mmoja nyuma isingeziota. Mishahara ya watumishi wa umma ikapandishwa. Mpango wa Tatu wa Maendeleo, wa 1975 hadi 1980, ukajaa barabara, shule, nyumba na viwanda. Tusiwe wepesi wa kudharau shauku hiyo. Nchi ilikuwa imetoka kuzika watu wengi mno, na serikali iliyotaka kujenga haraka ilikuwa na sababu.

Mnunuzi mkubwa wa saruji alikuwa Wizara ya Ulinzi. Jeshi lilikuwa limevimba wakati wa vita hadi karibu askari 250,000, na wengi wao hawakuwa na kambi za kudumu. Kambi zinahitaji matofali, matofali yanahitaji saruji, na viwanda vya ndani havikuweza kuitoa kwa kiasi hicho. Ikaagizwa nje. Kumbukumbu za mahakama za Marekani, ambako baadaye jambo hili lilifika, zinaonyesha mikataba 109 na wauzaji 68, kwa jumla ya zaidi ya tani milioni 16, zenye thamani ya karibu dola bilioni 1. Muda wa kuipokea ulikuwa kama miezi 18.

Hebu tuigeuze namba hiyo iwe kazi ya mikono. Tani milioni 16 kwa miezi 18 ni kama tani 29,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa mifuko ya kilo 50 ni mifuko karibu 584,000 kwa siku. Ukiipakia kwenye malori ya tani 10, malori 2,900 yatoke Apapa kila siku ya Mungu na mengine 2,900 yarudi matupu, kwenye barabara zile zile za mji ambao tayari ulikuwa maarufu kwa foleni. Na hiyo ni saruji peke yake. Uwezo wa Lagos na Apapa kupokea saruji ulikadiriwa kuwa kati ya tani milioni 1 na milioni 5 kwa mwaka. Kwa kadirio la juu, shehena ile ingehitaji zaidi ya miaka 3. Kwa kadirio la chini, miaka 16.

Basi waliwezaje kutia saini? Hapa kumbukumbu hizo hizo za mahakama zina maelezo ambayo wasimulizi wengi huyaruka. Kutokana na uzoefu wa nyuma, serikali ilitarajia kwamba asilimia 20 tu ya wauzaji ndio wangeweza kutimiza mikataba yao. Waliagiza mara tano ya walichotegemea kupata.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe. Asilimia 20 ya tani milioni 16 ni tani milioni 3.2. Baadaye Tume ya Belgore, iliyoundwa kuchunguza sakata hili, ilieleza kwamba mahitaji halisi ya Wizara ya Ulinzi yalikuwa tani milioni 2.9. Namba hizi mbili zimetoka mahali tofauti na mimi ndiye ninayeziweka pamoja, lakini ukaribu wake unanishawishi. Tena tani milioni 3.2 kwa miezi 18 ni kama tani milioni 2.1 kwa mwaka, kiasi ambacho kimo ndani ya makadirio ya bandari. Kwa maana nyingine, mpango ule ungeweza kwenda iwapo tu wauzaji wanne kati ya watano wangeshindwa kazi.

Hii ndiyo hesabu ya mtu aliyezoea kuangushwa. Mama ntilie anayejua kwamba muuza kuku wake huleta nusu ya oda huagiza mara mbili. Hakuna cha ajabu hapo. Ajabu iko kwenye masharti waliyowapa wauzaji.

Mkataba uliolipa kungoja

Tuchukue mikataba minne iliyotiwa saini na kampuni za Kimarekani, maana ndiyo iliyochambuliwa kwa kina mahakamani. Kila mmoja ulikuwa wa tani 240,000, kwa bei ya kati ya dola 60 na 70 kwa tani. Kwa bei ya chini kabisa, huo ni mkataba wa dola milioni 14.4. Malipo yalipangwa kupitia barua ya mkopo, ile ahadi ya benki kwamba muuzaji akionyesha hati za shehena zilizo sahihi, analipwa, hata kama mfuko wa kwanza haujagusa ardhi ya Nigeria. Na kulikuwa na kipengele cha demareji, yaani fidia kwa kila siku ambayo meli inakalishwa ikingoja kupakuliwa: dola 3,500 kwa siku kwa kila meli.

Kwa nini zamani wauzaji wengi walishindwa kutimiza? Mfanyabiashara anayepeleka shehena nchi ya mbali ana hofu mbili kubwa: kutolipwa, na meli yake kukwama bandarini huku gharama zikimla. Hofu hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiwapunguza wauzaji hadi wabaki wachache. Mkataba wa 1975 uliziondoa zote mbili kwa mpigo. Asilimia 20 ilikuwa kipimo cha dunia ya zamani, na siku barua za mkopo zilipofunguliwa dunia hiyo ilikwisha. Wakaja wote.

Angalia pia demareji inavyofanya kazi ukiiachia. Meli ya tani 10,000 yenye saruji ya dola 60 kwa tani ina shehena ya dola 600,000. Kwa dola 3,500 kwa siku, siku 172 za kungoja zinagharimu zaidi ya shehena yenyewe. Chini ya miezi sita, mnunuzi amelipa mara mbili, na saruji bado iko baharini. Kama meli zote 260 zingedai kwa kiwango hicho, Nigeria ingedaiwa dola 910,000 kila jua likichwa. Kwa mwenye meli kuukuu ambayo haigombewi na wakodishaji, nanga ya Lagos ikawa mahali pazuri kuliko safari yoyote: hakuna mafuta mengi yanayochomwa, mabaharia wachache wanatosha, na kila siku inayopita inaandikwa. Sisemi kwamba kila nahodha alikuja kwa nia hiyo. Nasema mkataba uliwapa kila sababu ya kuja na haukuwapa hata moja ya kuharakisha.

Kulikuwa pia na mnyororo wa watu wa kati. Katika kesi iliyofika London, wizara ilikuwa imeingia mkataba na kampuni ya Uingereza; kampuni hiyo ikanunua kwa kampuni ya Uswisi iitwayo Trendtex; nayo Trendtex ikanunua saruji Ujerumani. Kila kiungo kilikuwa na faida yake na karatasi zake. Hakuna hata kimoja ambacho kazi yake ilikuwa kuuliza Apapa ina nafasi kiasi gani. Na upande wa serikali, mkataba mmoja mmoja ukiutazama peke yake haukutisha: tani 240,000 ni meli 24 tu za tani 10,000. Kilichotisha kilikuwa jumla, na jumla ndiyo ambayo haikusimamiwa. Mamlaka ya Bandari haikuwa ndiyo inayonunua, na wizara iliyonunua haikuwa ndiyo inayopakua.

Saruji haingoji

Makaa ya mawe yanaweza kungoja. Vyuma vinaweza kungoja. Saruji haiwezi. Ni unga unaotafuta maji, na ukiyapata unaanza kugeuka jiwe. Mfuko wa karatasi hauzuii unyevu wa hewa ya bahari, na ndani ya ngama, lile tumbo la mizigo la meli, iliyokaa kwenye joto, jasho la chuma hudondokea mizigo. Mifuko ya chini inabanwa na uzito wa ile ya juu na kushikana. Saruji iliyokaa miezi mitatu hata kwenye ghala zuri hupungua nguvu kwa kiasi kinachopimika. Je, iliyokaa miezi sita majini?

Mvua za Lagos huanza mwezi wa nne, na Juni ndiyo mwezi mzito zaidi. Mvua ikinyesha huwezi kufungua mfuniko wa ngama yenye saruji, kazi inasimama. Kwa hiyo hata meli iliyobahatika kupata gati ilikuwa inaweza kulikalia siku nzima bila kushusha kitu. Kisha mifuko hushushwa kwa wavu na winchi, fungu baada ya fungu, na makuli wanaipanga kwenye lori mmoja mmoja. Shehena nyingine hutolewa haraka kwa kreni. Hii hutolewa kwa migongo ya watu.

Waliolipa mapema zaidi kuliko wote ni wakazi wa mji. Meli iliyobeba chakula au vipuri ilikuwa nyuma ya saruji kwenye foleni, na kampuni za meli zikaongeza ada ya msongamano kwenye kila shehena inayokwenda Lagos. Mwenye duka akaongeza bei, na mtumishi aliyepandishiwa mshahara akaona nyongeza yake ikiyeyuka sokoni. Wakati huo huo bandari za Uarabuni, Jeddah mojawapo, nazo zilikuwa zimeziba kwa sababu ya fedha hizo hizo za mafuta, kwa hiyo hata meli nzuri za kukodi zilikuwa adimu na ghali.

Kampala, Julai 29

Jenerali Gowon aliondoka Lagos kwenda kwenye mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliofanyika Kampala chini ya uenyeji wa Idi Amin. Huko huko Uganda ndiko habari ilikomkuta, tarehe 29 Julai 1975, kwamba ameondolewa madarakani. Aliyetangaza redioni alikuwa Kanali Joseph Garba, kamanda wa kikosi kilichokuwa kikimlinda. Mapinduzi yalikuwa na sababu kadhaa, kubwa ikiwa ahadi ya kurudisha utawala wa kiraia mwaka 1976 ambayo Gowon aliivunja. Lakini nani anaweza kutetea serikali ambayo aibu yake inaonekana kwa macho, imetia nanga nje ya mji mkuu?

Murtala Muhammed alishika usukani na kwenda kwa kasi aliyozoeleka nayo. Tarehe 9 Agosti Mamlaka ya Bandari ilitoa kanuni iliyozitaka meli zinazokwenda Lagos na Apapa zitoe taarifa mapema kabla ya kuanza safari. Tarehe 18 Agosti wauzaji walipelekewa simu za maandishi: msipakie, msikodi meli nyingine. Mwishoni mwa Septemba ikachukuliwa hatua nzito kuliko zote. Benki Kuu ya Nigeria iliiagiza benki ya Morgan ya New York isilipe barua za mkopo mpaka muuzaji alete, pamoja na hati zilizokubaliwa, tamko la Benki Kuu yenyewe kwamba malipo yafanyike. Desemba 19 ikatoka Amri Namba 40: meli yoyote itakayoingia bandari ya Nigeria bila kibali cha miezi miwili kabla, ni kosa la jinai.

Hatua ile ya Septemba iliwezekana kwa sababu ya kasoro ambayo wauzaji waliipuuza. Mikataba ilitaka barua za mkopo zilizothibitishwa na benki ya nje, yaani benki hiyo nayo iahidi kulipa kwa jina lake. Badala yake Benki Kuu ilifungua barua ilizoziita zisizobatilishika, na Morgan ikawa mjumbe tu wa kuwaarifu wanufaika. Wauzaji walikubali, wakapakia. Siku mwenye barua alipobadili mawazo, hapakuwa na mwingine wa kumdai.

Nikiulizwa, nasema kusimamisha saruji mwezi Agosti kulikuwa sahihi kabisa na kulichelewa kwa miezi. Kubadili masharti ya barua za mkopo upande mmoja ni jambo jingine. Naelewa kwa nini walifanya: kila barua iliyolipwa ilikuwa inaita meli nyingine. Lakini barua ya mkopo ndiyo lugha pekee ambayo muuzaji asiyekujua anaiamini, na nchi inayoagiza kila kitu kuanzia ngano hadi transfoma inaihitaji lugha hiyo kuliko wauzaji wanavyoihitaji nchi. Wauzaji wengi walikubali kuketi na serikali na kumaliza kwa maelewano, jambo linaloonyesha kwamba mazungumzo yangeweza kutangulia.

Mji baada ya meli

Lagos ilibadilika kwa sababu ya saruji ile. Bandari mpya ilijengwa kwa haraka kisiwani Tin Can, magharibi ya Apapa, na kufunguliwa mwaka 1977, ikiwa na magati ya meli ambazo malori huingia na kutoka yenyewe bila kungoja winchi. Bandari za Warri na Calabar nazo zikapanuliwa. Kamati iliyoteuliwa Agosti 1975 kutazama suala la mji mkuu ilipendekeza uhamishwe, na tarehe 3 Februari 1976 ikatolewa amri ya kuupeleka Abuja, katikati ya nchi. Kubanwa kwa Lagos kulikuwa miongoni mwa hoja zilizopewa uzito. Siku kumi baadaye, Februari 13, Murtala Muhammed aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake, kwenye msongamano wa magari wa Ikoyi, akielekea kazini. Uwanja wa ndege wa Lagos una jina lake.

Foleni haikuondoka. Imehama tu: kwa miaka mingi imekuwa ya malori yanayongoja kuingia Apapa, mengine kwa siku kadhaa, madereva wakilala chini ya matrela yao. Januari 2023 ilizinduliwa bandari ya kina kirefu ya Lekki, mashariki ya mji, na kwa mara ya kwanza Lagos ikawa na mlango usiotegemea lile fungu la kale. Saruji nayo imegeuza njia. Nigeria siku hizi inajitengenezea na kuuza kwa majirani.

Kesi ndizo zilizochelewa kuliko vitu vyote. Wauzaji waliokataa maelewano walifungua mashauri Frankfurt, London na Marekani, na swali likawa moja kila mahali: je, nchi huru, au benki kuu yake, inaweza kushitakiwa na mfanyabiashara katika mahakama ya kigeni? Nigeria ilisema haiwezi. Marekani ilikuwa imetunga sheria ya jambo hilo mwaka 1976, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya New York ikaamua kwamba kununua saruji ni biashara, hata kama mnunuzi ni wizara ya ulinzi na saruji ni ya kambi za askari. London ilitangulia, na bila sheria mpya ya kuegemea. Januari 1977, katika shauri la Trendtex dhidi ya Benki Kuu ya Nigeria, Jaji Lord Denning na mwenzake Jaji Shaw waliacha msimamo wa zamani wa Kiingereza kwamba serikali ya kigeni ina kinga katika kila jambo, wakairuhusu Trendtex idai fedha zake. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likatunga sheria yake kuhusu kinga ya mataifa.

Wakati majaji wale wakisoma masharti ya saruji ya Apapa, mtu ambaye serikali yake iliyaandika alikuwa katika nchi hiyo hiyo. Yakubu Gowon alikuwa mwanafunzi wa siasa katika Chuo Kikuu cha Warwick.